Waziri Aliyejifunza Kusema kwa Vidole: Urafiki wa Goya na Jovellanos

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: "Nimekuwa nikifuatilia habari za Francisco de Goya, mchoraji wa Hispania. Naona alimchora Jovellanos, yule mtu wa mageuzi aliyekuja kufungwa, na inasemekana walikuwa marafiki. Lakini aliwachora pia wakubwa waliokuwa madarakani Jovellanos alipofungwa. Je, huo ulikuwa urafiki wa kweli, au ni kazi tu ya mchoraji na mteja? Na ile picha yenyewe inaweza kutuambia lolote?"

Asante, ndugu yangu. Swali lako ni zito, na nitalijibu kwa urefu. Kwa kifupi, urafiki ulikuwepo, tena wa dhati, lakini ulikuwa na mipaka, na sehemu kubwa ya mipaka hiyo iliwekwa na zama walizoishi. Anayetaka kumwona Goya akisimama mbele ya mfalme kumtetea rafiki yake atavunjika moyo. Na anayesema ilikuwa biashara tupu, naye hajaisoma barua nitakayoieleza hapa chini.

Kwanza tuwajue wenyewe. Gaspar Melchor de Jovellanos alizaliwa mwaka 1744 huko Gijón, mji wa bandari kaskazini mwa Hispania. Goya alizaliwa mwaka 1746 katika kijiji cha Fuendetodos, mkoa wa Aragón. Walikuwa rika moja, ila hawakutoka nyumba zinazofanana. Jovellanos alikuwa wa ukoo wa kiungwana, akasomea sheria, akawa hakimu Sevilla, kisha akahamia Madrid kwenye mabaraza ya mfalme. Goya alikuwa mtoto wa fundi wa kupaka dhahabu, na alipanda ngazi kwa kazi ya mikono yake. Walikutana Madrid, katikati ya watu walioamini kwamba elimu, sheria bora na kilimo kilichopangwa vingeweza kuinyanyua Hispania. Kati yao alikuwepo Juan Agustín Ceán Bermúdez, mwandishi wa historia ya sanaa, mtu wa karibu wa Jovellanos tangu ujana na rafiki wa Goya pia.

Mwanzoni uhusiano wao ulifanana sana na wa mfadhili na fundi, na hapo wasiwasi wako una msingi. Jovellanos ndiye aliyemsaidia Goya kupata kazi ya picha nne za chuo cha Calatrava kule Salamanca, kazi iliyolipwa mwaka 1784. Picha hizo ziliangamia baadaye wakati wa vita na Wafaransa. Miaka hiyohiyo ya 1780 Goya alimchora Jovellanos kwa mara ya kwanza: kijana nadhifu, amesimama, ufuo wa Gijón ukionekana nyuma yake. Picha hiyo ipo Oviedo. Ni nzuri, yenye adabu zote za mchoraji anayejijengea jina kwa mtu mwenye cheo. Ingekuwa hiyo ndiyo picha pekee tuliyonayo, ningekujibu kwamba ni kazi na malipo, basi.

Kilichobadilisha mambo ni ugonjwa. Mwishoni mwa 1792, akiwa kusini mwa nchi, Goya aliugua vibaya. Alipona, lakini masikio hayakurudi. Akawa kiziwi kabisa hadi alipokufa mwaka 1828, yaani miaka 35 ya ukimya. Kwa mchoraji wa picha za watu hilo ni pigo la aina ya peke yake. Anayechorwa hukaa mbele yako saa nzima na zaidi, na kwa kawaida mnaongea. Maongezi ndiyo yanayoulegeza uso wake. Goya sasa aliwaona watu wakifungua midomo bila kusikia kitu.

Ndipo tunafika 1798, na barua. Novemba 1797 Jovellanos aliitwa na mfalme Carlos IV kuwa Waziri wa Sheria. Aliyempendekeza ni Manuel Godoy, kipenzi wa malkia na mtu mwenye nguvu kuliko wote serikalini. Jovellanos hakuufurahia uteuzi ule. Katika shajara yake aliandika habari za chakula alichoalikwa nyumbani kwa Godoy mara tu alipofika. Godoy alikaa na mkewe upande wa kulia na hawara wake upande wa kushoto, mbele ya wageni. Jovellanos anasema roho yake haikuweza kulivumilia jambo lile. Hakula, hakuongea, hakupata utulivu, akakimbia. Kishike kisa hicho, maana kinahitajika sasa hivi.

Miezi michache baadaye, kabla ya Pasaka ya 1798, Goya alikwenda Aranjuez, kwenye kasri la mfalme kusini mwa Madrid, kumchora Jovellanos. Aliporudi alimwandikia Martín Zapater, rafiki yake wa tangu utotoni aliyeishi Zaragoza. Anamweleza kwamba waziri alimkirimu kupita kiasi. Alimpandisha kwenye gari lake la farasi wakatembea pamoja. Kwa kuwa baridi ilikuwa kali, alimruhusu akae mezani na joho lake mwilini. Akajifunza kuzungumza kwa mkono, na akawa anaacha kula ili aongee naye. Alitaka Goya abaki hadi Pasaka amchore na rafiki yake Francisco de Saavedra, Waziri wa Fedha. Goya anasema angependa, ila hakuwa na turubai wala shati la kubadilisha, kwa hiyo akamwacha mwenyeji wake hakuridhika, akaenda zake.

Nakuomba usiipite haraka hiyo habari ya mkono. Alfabeti ya vidole ilikuwa inajulikana Hispania kwa muda mrefu. Juan Pablo Bonet aliichapisha mwaka 1620 katika kitabu cha kufundishia viziwi, na Goya mwenyewe alikuja kuichora mwaka 1812. Kila herufi ina umbo lake la vidole, unaozungumza ni mkono mmoja tu, na neno hujengwa herufi moja baada ya nyingine. Jina la Aranjuez peke yake ni maumbo manane. Mtu anayejifunza hukosea, hurudia, husahau umbo la herufi katikati ya neno. Na mkono unaotamka haushiki uma. Kwa hiyo Goya anaposema waziri aliacha kula ili aongee naye, anaeleza jambo la mwili kabisa: chakula kipo mbele, mtu ameweka uma chini, vidole vinahangaika kutengeneza sentensi, na mgeni wake aliyejifunika joho anatazama mkono ule.

Sasa linganisha meza mbili. Kwa Godoy, aliyempa cheo, Jovellanos hakula wala hakusema. Kwa mchoraji kiziwi ambaye hakuwa na lolote la kumpa zaidi ya picha, aliacha kula ili aseme. Tena ni waziri aliyekuwa na nchi nzima ya kesi, makasisi na majaji wa kushughulikia, mtu wa miaka 54, umri ambao wengi hawajisumbui tena kujifunza hata jina jipya. Mimi naliona hilo kuwa ushahidi mzito kuliko rangi yoyote. Goya hakuwa na sababu ya kumpamba waziri katika barua kwa Zapater, ambaye aliandikiana naye kwa miaka mingi na kumwambia mambo ya ndani kabisa, hata ya pesa na uwindaji.

Tuje kwenye picha. Ni turubai kubwa, kimo chake ni sentimeta 205, ipo katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Jovellanos ameketi kando ya meza ya dhahabu yenye nakshi nyingi, miguu ameipishanisha. Kiwiko cha kushoto kiko mezani katikati ya makaratasi, na kichwa amekiegemeza mkononi. Mkono wa kulia uko chini, umeshika karatasi iliyoandikwa jina lake na jina la Goya, kama vile mchoraji ndiye aliyemwandikia. Nguo zake hazina makuu. Juu ya meza kuna sanamu ya Minerva, mungu wa kike wa hekima wa Warumi, amenyoosha mkono kumwelekea kana kwamba anamkinga, na ngao yake ina nembo ya chuo cha ubaharia na madini alichokianzisha Jovellanos huko Gijón mwaka 1794.

Hapo tutenganishe mambo mawili. Minerva na nembo ya chuo ni sauti ya Jovellanos: anataka akumbukwe kwa shule aliyoijenga, kuliko wizara aliyopewa. Lakini ule mkao wa kichwa? Picha za mawaziri zama zile zilitakiwa kuonyesha mamlaka: kifua mbele, macho makali, mkono ukielekeza kitu. Huyu amechoka. Macho yanakutazama bila kutaka kukuamrisha. Ni mkao ambao mtu hauonyeshi mbele ya mgeni, na mchoraji asiyejiamini asingethubutu kumwekea mheshimiwa waziri. Ulihitaji wote wawili waukubali. Ukiniuliza urafiki unaonekana wapi katika picha, nitakuonyesha kiwiko kile na kichwa kile, kabla ya sanamu na nembo.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa Goya hulitaja sana. Februari 1799 Goya alitoa Caprichos, mfululizo wa picha 80 zilizochapwa kwa mabamba ya shaba, za kukejeli ushirikina, makasisi wabovu, ndoa za pesa na ujinga wa wakubwa. Picha ya 43 inaonyesha mtu amelala juu ya meza yake ya kazi, bundi na popo wakimzonga. Wengine husema mtu huyo ni Jovellanos, kwa kuwa kichwa na meza vinafanana. Mimi siendi mbali hivyo, maana rasimu za picha ile zilikuwepo tangu 1797, kabla ya safari ya Aranjuez. Naona ni wazo ambalo Goya alikuwa nalo tayari kichwani, akalikuta limekaa mbele yake likiwa na uso wa mtu anayemfahamu. Kiungo cha uhakika zaidi ni picha ya 2, ya msichana anayeozwa huku amevaa barakoa: maneno yaliyoandikwa chini yake ni mstari wa shairi la Jovellanos la kuwakosoa wanawake wa tabaka la juu, lililochapishwa mwaka 1786. Kufikia wakati picha ile inauzwa Madrid, Jovellanos alikuwa ameshaanguka. Goya aliyabakiza maneno yake.

Maana wizara haikufika hata mwaka mmoja. Agosti 1798 Jovellanos aliondolewa. Alikuwa amegusa mambo ambayo hayaguswi: alitaka kuipunguzia nguvu Inkwizisheni, mahakama ya kanisa iliyochunguza imani za watu na kukagua vitabu. Mahali pake akawekwa José Antonio Caballero, mtu wa upande wa pili kabisa. Jovellanos akarudi Gijón kwenye chuo chake. Maadui hawakumwacha. Zikaenda taarifa za siri dhidi yake, na ikazuka habari ya tafsiri iliyopigwa marufuku ya kitabu cha mwanafalsafa Rousseau, ambayo ndani yake alikuwa amesifiwa bila yeye kuomba. Alfajiri ya tarehe 13 Machi 1801 walimkuta kitandani, wakazifungia karatasi zake, wakamsafirisha nchi nzima hadi kisiwa cha Mallorca. Alianza katika monasteri ya Valldemossa, kisha mwaka 1802 akahamishiwa ngome ya Bellver. Hakufikishwa mahakamani, hakuambiwa kosa. Alikaa kizuizini hadi 1808. Akiwa ngomeni aliandika maelezo marefu ya jengo lile na kuyaelekeza kwa Ceán Bermúdez, yule rafiki yao wote wawili.

Na Goya? Hapa ndipo swali lako linapouma. Tangu Oktoba 1799 alikuwa Mchoraji Mkuu wa Mfalme, mshahara wa reali 50,000 kwa mwaka. Mwaka uleule wa 1801 alimchora Godoy akiwa kamanda baada ya vita vifupi na Ureno, amejinyoosha kwenye mawe uwanjani, bendera zilizotekwa ziko kando yake. Mwaka 1807, Jovellanos akiwa bado Bellver, alimchora Caballero. Picha hiyo ipo Budapest.

Sitamtakasa. Lakini nakuomba upime uzito wa kukataa. Mchoraji wa mfalme hakuwa na duka ambalo angeweza kulifunga siku akija mteja asiyemtaka. Kazi zile zilikuwa sehemu ya cheo. Na mtu aliyekwisha kuchapa Caprichos, picha ambazo watu wa Inkwizisheni walikuwa na kila sababu ya kuzichukia, alikuwa hatua moja tu nyuma ya rafiki yake. Hilo halikuwa hofu ya bure: mwaka 1815 Inkwizisheni ilimwita ajieleze kuhusu picha ya mwanamke aliye uchi. Kwa hiyo nikiwaona watu wanamhukumu Goya kwa brashi aliyomchorea Caballero, huwa nawauliza walitaka afanye nini hasa. Angepoteza kila kitu, na mlango wa Bellver usingefunguka kwa sababu hiyo. Kwangu hilo linamfanya kuwa mtu wa kawaida mwenye woga wa kawaida. Halifuti Aranjuez.

Vita vilipokuja, hata marafiki wasio na woga walitengana. Mwaka 1808 Napoleon aliwaondoa wafalme wa Hispania na kumweka kaka yake Joseph Bonaparte. Jovellanos, aliyekuwa ametoka kifungoni akiwa mgonjwa, alitakiwa awe waziri wa mfalme mpya. Marafiki zake wa miaka mingi walikuwa upande ule, na hoja yao haikuwa ya kijinga: waliona mageuzi waliyoyataka yangeletwa na Mfaransa. Francisco Cabarrús akakubali kuwa Waziri wa Fedha. Mshairi Juan Meléndez Valdés naye akatumikia serikali ile. Alikufa uhamishoni Ufaransa mwaka 1817. Wote wawili Goya alikuwa amewachora. Jovellanos alikataa, akajiunga na baraza lililoongoza mapambano, na akavunja urafiki wake na Cabarrús. Kwa mtu yule aliyependa marafiki kiasi kile, nadhani uamuzi huo ulimuumiza kuliko Bellver.

Goya alibaki Madrid chini ya Wafaransa. Aliapa utii kama watumishi wengine wa serikali, na mwaka 1811 alipewa nishani ya mfalme Joseph. Wakati huohuo, kwa siri, alikuwa anachonga mabamba ya shaba ya vita: watu walionyongwa, wanawake wanaopigana, maiti zilizokatwakatwa. Kazi hizo hazikutolewa hadharani hadi 1863. Mwaka 1810 baraza la jiji la Madrid lilimpa kazi ya picha ya kuutukuza mji pamoja na mfalme mpya. Joseph hakuwepo Madrid, hivyo Goya akachora uso wake kwa kufuata picha ya kuchapwa. Baadaye, kila serikali ilipobadilika, uso ule ulifutwa na kuwekwa kitu kingine: mara neno la katiba, mara mfalme aliyerudi, mwisho maneno ya kukumbuka tarehe 2 Mei, siku Madrid ilipowaasi Wafaransa. Turubai ni moja, duara katikati limepakwa upya mara kadhaa.

Jovellanos alikufa Novemba 1811 akiwakimbia Wafaransa waliokuwa wameingia tena mkoani kwake Asturias, katika kijiji cha bandari kinachoitwa Puerto de Vega. Picha yake ya 1798 haikuguswa na mtu. Ilitunzwa na watu wake wa karibu na warithi wao, na Prado iliipata mwaka 1974.

Ukijaliwa kufika Madrid, nakushauri uanzie kwenye Akademia ya San Fernando, barabara ya Alcalá, ilipo picha ya Godoy ya 1801. Naye ameshika karatasi mkononi, naye ameketi, kwa hiyo ulinganisho ni rahisi. Tazama mwili ulivyotandazwa na zile bendera zilivyojaa. Kisha tembea hadi Prado, si mbali kwa miguu, umtazame Jovellanos ungali unaikumbuka ile ya kwanza. Picha zote mbili ni za mchoraji yuleyule, akiwa na ustadi uleule, na zimepishana miaka mitatu tu. Anza na mikono.